Mlozi Uliogoma Kuzaa

Kwa mwaka wa tatu mfululizo mlozi wa Apolena ulichanua kuliko miti yote ya kijiji cha Žlebany, na kwa mwaka wa tatu Apolena alisimama chini yake asielewe unataka nini.

Maua hayakuwa na kasoro. Yalikuwa meupe, yenye wekundu kidogo kwa ndani, na yalijaa mpaka matawi hayaonekani. Kila mwisho wa Machi ilikuwa hivyo hivyo. Halafu yanapukutika, majani yanatoka, na katikati ya majani hakuna kitu. Hakuna hata lozi moja ya kumdanganyia mtoto. Vavřinec alipokuwa hai mti huu ulijaza magunia mawili kila Septemba. Vavřinec alipokufa, na lozi zikakoma, kama vile alizibeba mfukoni.

Apolena angeweza kuishi na fumbo hilo kama si Radmila, binti yake, ambaye siku ya mwaka mpya alikuja kutoka mjini Brno, akapika dengu za kuleta heri, kisha akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake na kuanza kumpaka dawa miguuni.

"Mama, magoti haya hayapandi tena ngazi. Tumekaa na mume wangu tumeamua. Tunakujengea chumba cha chini, na bafu lake humo humo."

"Mtajenga wapi?"

"Pale penye mlozi. Hakuna pengine, upande wa pili ni wa barabara."

"Pale pana mti wa baba yako."

"Mti wa baba hauzai, mama."

"Utazaa."

Radmila aliendelea kusugua, taratibu, akifuata mfupa kwa kidole gumba kama alivyofundishwa na daktari. "Haya. Ukizaa mwaka huu, hatuugusi, tutatafuta njia nyingine. Usipozaa, mwezi wa kumi fundi anakuja na msumeno. Tumepatana?"

Apolena akasema wamepatana. Ni vigumu kubishana na mtu aliyelishika goti lako kwa upole namna ile.

Lakini utaufanyaje mti uzae? Hapo ndipo kichwa kilipomzunguka. Kila aliyemuuliza alikuwa na jibu, na kila jibu lilipigana na la mwenzake. Muuza mbegu sokoni alisema mti una njaa, auwekee samadi. Apolena akauwekea mikokoteni miwili. Kesho yake mtu mwingine pale pale sokoni akamwambia samadi inaleta majani tu, matunda inayafukuza. Apolena akarudi nyumbani akaizoa samadi yote kwa koleo, akailundika pembeni, kisha akasimama akiitazama, akawa hajui tena kama ametenda au ametendua. Radmila alimtumia kwa simu maneno aliyoyasoma: mlozi unywe maji mengi. Chini yake kulikuwa na maneno ya mtu mwingine: mlozi usinyweshwe, utaoza mizizi. Apolena alijaza ndoo, akamwaga nusu.

Hedvika, jirani mwenye mizinga ya nyuki, yeye alikuwa na jibu lake tangu zamani.

"Uliuambia?" alimuuliza juu ya uzio, majuma sita baada ya mazishi.

"Niuambie nini?"

"Ee Mama Mtakatifu! Baba mwenye nyumba akifa, mtu anatoka uani saa ile ile anagonga kila mti na kila mzinga, anasema mwenye nyumba amekufa, sasa utamtumikia fulani. Mama yako hakukufundisha?"

Mama yake alimfundisha. Lakini Vavřinec alifia hospitali, mbali, alfajiri, na Apolena alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akiwa na kikombe cha chai ambacho nesi mmoja alimletea bila kuombwa, tena akakikoroga sukari mwenyewe. Kile kikombe anakikumbuka mpaka leo. Miti hakuikumbuka.

Basi akatoka na ndala zake, akagonga shina mara tatu. "Vavřinec amekufa," akasema. "Sasa mwenye nyumba ni mimi, Apolena. Unanijua, ndimi ninayeanika nguo hapa."

Majira yale mti ulichanua, haukuzaa.

"Uligonga kwa mkono gani?" Hedvika akauliza.

"Sikumbuki."

"Basi. Ndiyo hapo."

Krismasi iliyofuata, alipokuwa anakanda unga wa mkate wa kusuka, alitoka barazani na mikono yenye unga mbichi, akaupapasa mti kwa mikono miwili, kama wanawake wa pale walivyofanya tangu zamani ili matunda yajae. Theluji ilikuwa inaanguka. Unga uligandia kwenye gome, ndege wakaja wakaula. Hata hilo halikusaidia.

Ndiyo maana mwaka huu, Machi ilipofika na maua yakafunguka, Apolena hakufurahi. Aliuona mti kama mtu aliyevaa vizuri kwa safari ya kwenda kunyongwa.

Ilikuwa Alhamisi, na upepo ulikuwa unakata masikio. Alikuwa akienda makaburini, na kama kawaida alipitia njia panda ya juu, penye msalaba wa mawe. Alijua atakachokikuta. Kila mwaka siku kama hizi, chini ya msalaba ule, palikuwa na mkebe wa maziwa umejaa matawi ya mlozi yenye maua. Aliyaona mara ya kwanza Vavřinec akiwa bado hajatimiza mwaka kaburini. Alisimama akalia kidogo, akiwaza kuna mtu gani mwema kiasi kile, asiyetaka hata kujulikana. Aliyachukua matawi akampelekea Vavřinec. Mkebe aliusuuza kisimani, akaurudisha pale pale, akaufunika kifudifudi usiingie maji. Hayo aliyafanya majira mawili. Aliwahi kuuliza kanisani ni nani huyo. Hakuna aliyejua.

Siku hii mtu mwenyewe alikuwa bado yupo, ameinama, anahangaika kuusimamisha mkebe juu ya jiwe lisilolingana.

Alikuwa Metoděj, kaka yake Vavřinec. Aliishi upande wa pili wa kijiji, kwenye mteremko. Ndugu hao wawili walikuwa hawajasemezana miaka thelathini na moja kwa sababu ya mstari mmoja wa mizabibu aliouacha baba yao, na Vavřinec alikufa wakiwa hivyo hivyo. Siku ya mazishi Metoděj hakuingia makaburini. Alisimama nje ya ukuta, kofia mkononi, mvua inamnyeshea kichwani. Apolena alimwona, na hakusahau.

"Kumbe ni wewe, shemeji!" alisema. "Mungu akubariki. Siku zote nilikuwa najiuliza ni nani mwenye moyo wa namna hii."

Metoděj alijinyoosha kwa vituo, mkono mmoja kiunoni. "Usinibariki. Lozi zangu ziko wapi?"

"Lozi gani?"

"Ananiuliza lozi gani! Vavřinec alikuwa ananijazia mkebe huu kila Septemba. Kichwa chake kilikuwa kigumu kama shina la mwaloni, lakini lozi alileta. Wewe unachukua maua, kisha mwaka mzima naona mkebe mtupu. Tena umeoshwa! Umeoshwa ukafunikwa kifudifudi. Nikasema haya, nimeshaambiwa, hapa sina changu."

Apolena alimtazama midomo, labda anasema kitu kingine na masikio ndiyo yanayomchezea.

"Shemeji, sikuelewi. Nilikuoshea mkebe kwa heshima. Na maua nampelekea Vavřinec."

"Vavřinec yupi?"

"Vavřinec yupi tena? Nampelekea kaburini."

Metoděj alivua kofia. Akaivaa. Akaivua tena.

"Kaburini," alisema. "Maua yangu. Yote?"

"Yote. Yanapendeza sana pale."

"Ewe mwanamke! Haya si maua ya kumpendezesha mtu, ni ya mti! Mti wenu!" Sauti yake ilipanda mpaka kunguru wakaruka. "Mlozi ukiwa peke yake hauzai, hata ukiuimbia. Unataka vumbi la maua ya mlozi wa aina nyingine. Zamani ulikuwepo wa babake Hedvika, ukafa na ile baridi iliyopasua mabomba. Mwaka uliofuata nikapita barabarani kwenu, nikaona mti wa mdogo wangu mtupu. Nikajua. Sasa ningemwambiaje, na hatusemezani? Nikakata matawi yangu nikayaweka hapa, kwenye njia yake ya shambani. Hakuhitaji kuambiwa. Aliyatia kwenye ndoo za maji akazitundika ndani ya mti wake, nyuki wakapita huku na huku. Kila mwaka. Kwani wewe ulikuwa huzioni ndoo?"

Ndoo alikuwa anaziona. Kila masika zilining'inia mtini na maua ndani yake, na Vavřinec alimwambia ni matawi yaliyovunjwa na upepo, anaona huruma kuyatupa yangali na maua. Apolena alimpenda zaidi kwa hilo. Aliwahi kuwasimulia wanawake wenzake wakati wa kuoka mikate ya harusi, kwamba mume wangu hawezi kutupa tawi lenye ua. Sasa alisimama pale njia panda, upepo unampeperusha kitambaa, akawa hajui mume yule aliyemsimulia alikuwa nani, na kama alikuwa amepungua au ameongezeka.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Unaniuliza mimi? Mimi hakuwa anasema nami kabisa."

"Na wewe, kama ulidhani nina mkono wa birika, kwa nini uliendelea kuleta?"

Metoděj aliangalia viatu vyake. "Mti umekosa nini?" alisema.

Apolena hakwenda kaburini siku hiyo. Metoděj aliubeba mkebe, Apolena akabeba matawi yaliyozidi, wakateremka kijijini mmoja mbele mmoja nyuma, na njiani alimweleza habari ya Radmila, chumba, na msumeno wa mwezi wa kumi. Metoděj akaongeza mwendo. Mti wake ulikuwa kwenye jua la mteremko, alisema, umeshaanza kupukutika. Haya ndiyo maua ya mwisho. Mwaka huu hakuna mengine.

Walipofika, Apolena alileta ndoo zote za nyumbani, hata ile ya kudekia. Walizitundika kwenye matawi ya chini. Kisha wakangoja nyuki.

Hakuna nyuki aliyekuja.

"Hedvika!" Apolena akaita juu ya uzio. "Nyuki wako wako wapi?"

"Wamelala, wana akili kuliko ninyi," Hedvika akajibu kutoka dirishani. "Kwa baridi hii hawatoki hata uwachinjie ng'ombe."

"Kesho je?"

"Redio imesema mpaka Jumatatu."

Mpaka Jumatatu maua yatakuwa chini. Apolena alitazama juu, akatazama ndoo, akahisi ule uzito wa kutojua ukimrudia. Metoděj naye alikuwa anakuna shingo.

"Tungekuwa na brashi," alisema mwishowe. "Kitu laini tu. Tukawafanyia nyuki kazi yao."

Apolena aliingia jikoni. Juu ya jiko, kwenye msumari, palikuwa na fungu lake la manyoya ya bata bukini, yaliyosukwa kwenye mpini, lile la kupakia siagi mikate. Kila nyumba pale inalo. Aliyaosha mafuta kwa sabuni, akayakausha kwa pumzi na aproni, akatoka.

Aliyepanda ngazi ya bustani ni Metoděj, kwa kuwa Apolena hakuweza, ingawa yeye Metoděj alikuwa na miaka themanini na mbili. Vidato vitatu tu, basi. Apolena aliikumbatia ngazi. Metoděj anagusa maua ya kwenye ndoo, anagusa maua ya mti, anarudi kwenye ndoo.

"Usitikise!"

"Sitikisi, ni upepo."

"Upepo una kitambaa cha maua mekundu?"

Hedvika alitoka kabisa nje, shali kichwani. "Jamani, mnaupaka mti siagi?"

"Njoo ushike ngazi, uache maneno," Apolena alisema.

Hedvika alikuja, akashika. Baadaye akarudi kwake akaleta supu moto kwenye sufuria iliyofungwa taulo, na kumpa kwanza Metoděj, ingawa familia yote ya Hedvika, kwa kumfuata Vavřinec, ilikuwa imezoea kumpita barabarani bila salamu. Walifanya kazi ile Alhamisi, Ijumaa na nusu ya Jumamosi. Kisha maua ya kwenye ndoo yakaanguka, na ya mti yakaanza kufuata.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kazi. Katikati ya Aprili Apolena aliona vitu vidogo kwenye vikonyo, akampigia Radmila simu kwa furaha. Siku mbili baadaye vikadondoka vyote. Vilikuwa maganda makavu ya maua. Alimpigia tena akasema samahani, nilikosea. Wiki iliyofuata aliviona vingine, vya kijani, vyenye manyoya kama masikio ya panya, lakini safari hii hakumwambia mtu. Kwani ni vyenyewe? Alimwita Metoděj. Metoděj, ambaye alikuwa akija kila asubuhi na kusimama getini bila kuvuka, alisogea mpaka chini ya mti, akavaa miwani, akaguna.

"Ni vyenyewe?"

"Usiviangalie sana."

Mwezi wa Mei, siku za watakatifu watatu ambao pale husemwa huleta baridi ya mwisho, umande uliganda kweli. Walikuwa wameufunika mti jioni yake kwa mashuka, mapazia na kitambaa kizuri cha meza ya Pasaka. Pamoja na hayo, nusu ya vitunda vile vilipukutika. Apolena aliviokota kwenye aproni, vilaini, vya kijani, akamwonyesha Metoděj kama mtu anayeonyesha jeraha.

"Hii ni baridi, au ni mimi nimekosea kufunika?"

"Inaweza kuwa baridi. Inaweza kuwa mti wenyewe, kila mwaka unaangusha." Alimwona uso. "Umefunika vizuri, Apolena."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

Mwisho wa Agosti Radmila alikuja na mchoro wa fundi na futi ya kupimia. Aliingia uani, akakuta mzee mmoja ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa chini ya mlozi, ana fimbo mkononi.

"Mama, huyu nani?"

"Baba yako mkubwa."

Radmila alikuwa na miaka kumi na miwili mara ya mwisho kuambiwa jina lile. Aliiweka futi mezani. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Angalia juu, usiniangalie mimi."

Radmila akaangalia juu. Alianza kuhesabu kwa kidole, lozi za kijivu zenye manyoya, moja hapa, tatu pale, kundi zima upande wa ukuta. Alipofika sitini na kitu aliacha. Akaukunja mchoro mara nne, akautia mkobani.

"Nilisema hatuugusi, hatuugusi," alisema. Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini magoti, mama. Juzi nusura uanguke kwenye ngazi, Hedvika ameniambia. Sasa nitakuweka wapi?"

Apolena alikuwa amepigania mti miezi yote ile, akasahau kwamba ngazi bado ipo. Wote watatu waliitazama nyumba.

"Kwani chumba cha mbele kina ugonjwa gani?" Metoděj aliuliza.

Chumba cha mbele! Kila nyumba ya Žlebany ina chumba cha mbele, chenye sahani za harusi nyuma ya kioo na viti visivyokaliwa. Padri akija, anakaa humo. Marehemu hulazwa humo kabla ya mazishi.

"Humo hamlaliwi," Apolena alisema.

"Nani alikataza?"

Apolena hakujua ni nani aliyekataza. Radmila alianza kucheka, akajizuia, akashindwa, akaenda kumkumbatia mama yake kwa nyuma. "Miaka yote hii," alisema, "chumba kizuri kuliko vyote, na tunawatunzia wageni wasiokuja."

Jumapili walikishusha kitanda. Metoděj alishika upande wa miguu, na kwa kuwa hakuwa ameingia nyumba ile tangu ugomvi, alisimama kizingitini akifuta viatu, akafuta, akafuta, mpaka Radmila akamwambia, "Baba mkubwa, ingia, kitanda kinatukata mikono."

Asubuhi ya kwanza Apolena alipofumbua macho, hakujua yuko wapi. Aliona sahani zimejipanga nyuma ya kioo. Aliona picha ya harusi, pazia zito, na yeye mwenyewe amelala chali katikati, mikono juu ya kifua. Basi nimekufa, akawaza, na wamenilaza, na kumbe mtu akifa bado anahisi kiu.

Ndipo akasikia mtu uani anapayuka. "Tokeni! Wezi ninyi, mabinti wa jambazi, hazijapasuka maganda bado! Tokeni!" Fimbo ikapiga tawi. Ndege wakalia, wakajibiwa matusi mengine mapya.

Apolena akajua yu hai. Alishusha miguu, akainuka, na kwa mazoea akatafuta ngazi ya kushukia kwa unyayo, ngazi haikuwepo, akabaki ameduwaa kidogo na unyayo hewani. Kisha alitembea hatua nne mpaka dirishani, akalifungua.

"Shemeji, utakunywa chai, au utaendelea kugombana na ndege?"

"Vyote viwili," Metoděj alisema bila kugeuka.